Sauti ya Bwana Parafujo

Adyero alizaliwa na sauti ya mwanamume, na hakuna aliyemwomba radhi kwa hilo. Kule Kitgum, kwenye shule ya misheni, sista aliyefundisha kwaya alimsikiliza mara moja tu, akamtoa kwenye mstari wa wasichana na kumpeleka nyuma kwa wavulana wa besi. Wenzake walicheka mpaka machozi yakawatoka. Yeye hakulia. Aliimba besi miaka yote ya shule, na siku za sherehe wageni walinyoosha shingo kumtafuta mvulana yule anayenguruma, wasimwone.

Mtu wa kwanza kuipenda sauti hiyo alikuwa Opoka, sajini wa polisi na mwalimu wa paredi. Alimwoa, akamleta Kampala, wakapewa chumba kimoja katika kambi ya polisi, karibu na uwanja wa kwata. Kila asubuhi, akikoroga uji, Adyero alimsikia mumewe kazini. Opoka alikuwa na namna yake ya kutoa amri: aliivuta silabi ya kwanza kama mtu anayefungua mlango mzito, kisha akaikata ya mwisho ghafla. Na makurutu wote, wawe wametoka Arua au Mbale au Masaka, aliwaita jina moja, watoto wa mama. Kurutu akikosea hatua, Opoka hakutukana kama wenzake. Alisema tu, "Polepole, mtoto wa mama. Ardhi haikimbii."

Jioni Adyero alimwiga. Alisimama kati ya kitanda na jiko, akaivuta silabi, akaikata, akamwamuru mwalimu wa paredi anawe mikono na ale ugali wake. Opoka alicheka mpaka akashika mlango asianguke. Wako wanandoa waliojaliwa nyumba na ng'ombe. Hawa wawili walijaliwa kicheko hicho, na kiliwatosha.

Walimchukua mwaka wa sabini na mbili, asubuhi, mbele ya makurutu wake. Watu wawili wenye miwani myeusi waliteremka kwenye gari, wakamwita kwa heshima zote, akaenda nao. Kosa lake lilikuwa kwamba ni Mwacholi, na chini ya utawala wa kijeshi wa mwaka ule hilo lilitosha. Makurutu walikuwa wameamriwa wasimame mguu sawa, na aliyewaamuru hakuwapo tena kuwaambia wapumzike. Basi wakasimama juani mpaka mmoja akazirai. Adyero aliyaona yote kupitia dirishani, mtoto mgongoni, mwiko mkononi.

Baadaye alifukuzwa kambini, maana chumba cha polisi ni cha polisi. Akapanga chumba Mengo, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Muganda, akapata kazi ya kupika chai katika kantini ya kituo cha televisheni, Nakasero. Kila alipopata nafasi aliuliza habari za mumewe. Aliuliza kambini, aliuliza kanisani, aliuliza milangoni mwa magereza, mpaka mlinzi mmoja mwenye huruma akamwambia, "Mama, wewe nenda nyumbani. Ukiuliza sana, wewe pia utaulizwa." Tangu siku hiyo akaacha kuuliza, akabaki kungoja.

Kungoja nako ni kazi. Shemeji yake, Ocen, mdogo wake Opoka, alikuwa akisafiri kutoka Kitgum kila kiangazi kuja kuzungumza naye. Ocen hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kigoda, kofia magotini, akasema kwa upole yale yaliyomleta: kwamba wazee nyumbani wanataka kufanya matanga ya mwisho, kwamba mtu asiyeombolezwa hapumziki wala hawapumzishi wengine, kwamba mwili ukikosekana hata udongo wa alipoangukia ungetosha, wazee wamekubali. Na kwamba baada ya hapo yeye, Ocen, angemchukua Adyero na mtoto chini ya paa lake, kama desturi inavyotaka.

"Shemeji, ngojangoja huumiza matumbo," alimwambia.

"Tumbo ni langu," Adyero akajibu. "Udongo wa wapi? Nionyeshe alipoangukia, nitalia hata mbele ya kanisa. Kabla ya hapo silii. Mtu hamlilii mume aliye hai."

Hakuwa amelia hata mara moja. Aliogopa kwamba chozi la kwanza likidondoka, ndilo litakalomuua Opoka.

Kilichomsumbua zaidi ya yote ni Acan, binti yao. Walipomchukua babake alikuwa bado ananyonya. Picha ya Opoka ilikuwepo ukutani, kifua mbele, kofia imenyooka, na Acan aliisalimu kila asubuhi kama alivyofundishwa. Lakini picha haisemi. Siku moja mtoto aliuliza, "Mama, baba alikuwa anasema namna gani?" Adyero akafungua kinywa amwonyeshe, kinywa kikagoma. Tangu achukuliwe hakuwahi kumwiga tena. Alimtamani mumewe usiku na mchana, alitamani hata kikohozi chake, na sauti ile aliiweka ndani kama nguo ya mtu aliyesafiri, asiiguse isije ikapoteza harufu.

Sasa, serikali ilikuwa imetangaza kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Watu wa Kampala walikipokea kama mtu anavyompokea askari mlangoni: kwa heshima na bila swali. Televisheni nayo ikaamriwa isemeshe watu Kiswahili, hata katuni. Na katuni iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya Jumamosi jioni, ya shujaa mmoja aliyeruka angani bila mabawa akiitwa Kipanga, na adui yake, Bwana Parafujo.

Kipanga alikuwa mzuri wa sura, na kwa kweli alichosha. Sauti yake ilitolewa na msomaji wa taarifa ya habari, kijana laini aliyetamka kila neno kama analipiga pasi. Lakini Bwana Parafujo! Huyo alikuwa na mitambo. Alikuwa na miwani ya kuona ng'ambo ya ukuta, mkanda wa kutoa moshi, saa ya kusimamisha saa zote za mji, na glavu ya sumaku iliyovuta chochote cha chuma, kuanzia vijiko hadi garimoshi. Kila Jumamosi alitaka kuiteka dunia, kila Jumamosi alishindwa kwa kosa dogo la kipumbavu. Katika filamu yenyewe alijiita jenerali. Waliotafsiri walilifuta neno hilo bila hata kushauriana, maana aliyeitawala nchi alikuwa jenerali pia, na kichwa cha mtu hakina spea.

Sauti ya Bwana Parafujo ilikuwa ya Wanyama, Mkenya wa Bungoma aliyefanya kazi stoo. Halafu mwaka wa sabini na sita mambo ya Uganda na Kenya yakaharibika, Wakenya wakaanza kupigwa mitaani, na siku moja Wanyama hakuonekana kazini. Alikuwa amevuka mpaka Busia na mkewe na godoro lao. Hakuna aliyemlaumu.

Fundi wa sauti, Emile, alitoka Kisangani, mtu mnene mpole aliyependa chai yenye tangawizi. Alikuwa amekaa kantini akiwaza atampata wapi Parafujo mwingine kabla ya Alhamisi, siku ya kurekodi, ndipo muuza maziwa akaingia na debe la maziwa yaliyotiwa maji. Adyero aliyaonja, akayatazama, na kitu kikamponyoka. Akaivuta silabi, akaikata.

"Nyuuuma — geuka! Rudi na maji yako, mtoto wa mama."

Muuza maziwa aligeuka nyuma kweli, kisigino kwa kisigino. Emile akaweka kikombe chini.

"Mama Acan," akasema, "hiyo sauti weye ulikuwa naficha wapi?"

Adyero alikataa. Emile akambembeleza, akamwambia hakuna atakayejua, jina lake halitaandikwa popote, hata watoto watadhani ni mwanamume. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya akubali. Alifikiria Acan kwenye dirisha la mwenye nyumba, Jumamosi jioni, akitazama televisheni pamoja na watoto wengine wa Mengo.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zimewambwa magunia. Alhamisi ile ya kwanza Adyero alivua kanga ya kiunoni, akaikunja na kuiweka kando, akasimama mguu sawa. Hakujua kufanya sauti hiyo akiwa amekaa. Picha zikaanza kupita ukutani, Emile akanyanyua kidole, na yeye akafungua kinywa. Kupitia vile vikombe vya kusikilizia masikioni, Opoka alirudi. Alikuwa palepale, karibu kuliko alivyokuwa kitandani, akitisha mji mzima kwa glavu ya sumaku. Adyero alisoma karatasi zote bila kukosea, na zilipokwisha akaomba zirudiwe.

Jumamosi alimchukua Acan mkono wakaenda dirishani. Mwenye nyumba alikuwa ameipata televisheni ile katika nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa nchini, na aliionyesha kwa ukarimu wa mtu asiyetaka kuulizwa. Bwana Parafujo alipoanza kusema, watoto walirudi nyuma wakakanyagana. "Banange, huyu mwizi ana sauti mbaya," alisema mwenye nyumba, akatikisa kichwa kwa raha. Acan peke yake hakurudi nyuma.

Walipofika chumbani, Adyero alimwinamia. "Uliniuliza baba alikuwa anasema namna gani. Vile."

"Kama yule mbaya?"

"Kama yule mbaya. Lakini yeye alikuwa mzuri."

Mtoto aliyapokea hayo kama watoto wanavyopokea kila kitu. Kuanzia hapo, Kipanga aliposhinda na dirisha zima likashangilia, Acan alinuna njia nzima, na mamake alinuna naye. Alhamisi zikawa siku za Adyero. Alipika chai huku akihesabika yupo, lakini moyo wake ulikuwa umeshatangulia kwenye chumba cha magunia. Alijua ni ujinga. Alijua vilevile kwamba mitambo yote ile ya Bwana Parafujo, ya kusimamisha saa na kuvuta garimoshi, hakuna hata mmoja wa kumrudisha mtu nyumbani. Lakini nusu saa kwa wiki alikuwa na mume, na wako wanawake Kampala waliokuwa na chini ya hapo.

Halafu ikaja sehemu ya gereza. Bwana Parafujo, akitafuta jeshi la kumsaidia, alikwenda kwenye gereza kubwa la mji, akanyoosha glavu, na nondo zote za madirisha zikang'oka na kumrukia mkononi kama kuku waliomwagiwa mtama. Wafungwa wakachungulia mashimoni. Karatasi ya Adyero ilisema acheke tu. Adyero hakucheka. Aliwatazama wale watu wa wino waliosimama hawaamini, akasahau alipo, akasema kwa sauti ya Opoka, polepole:

"Tokeni, watoto wa mama. Nendeni nyumbani. Polepole, ardhi haikimbii."

Emile alimtazama kupitia kioo, akaona uso wake, akaacha mashine izunguke. Katika filamu Kipanga aliwakamata wafungwa wote na kuwarudisha ndani, na Jumamosi dirisha lilishangilia kama kawaida.

Jumatatu alasiri mtu alikuja kantini. Hakuwa na sare, ila viatu vyake vilikuwa vya serikali. Alikuwa kijana aliyezeeka kabla ya wakati, amekumbatia mfuko wa karatasi kifuani. Aliagiza chai, hakuinywa. Watu walipopungua alisogea mezani kwa Adyero, akatua mfuko. Ilikuwa sukari, karibu kilo mbili, nyeupe kabisa. Siku zile sukari ilionekana kwa wakubwa na kwa magendo tu, na Adyero akaogopa.

"Mama, mimi jina yangu Augustin. Nimeletea Afande hii kitu. Nataka kuona yeye, kidogo tu."

"Afande gani?"

"Afande Opoka. Mwalimu ya paredi." Aliinama, uso wake umejaa furaha aliyojaribu kuificha. "Usiogope mimi, mama. Yeye ndiye alifundisha mimi. Najua iko hapa ndani. Sitasema kwa mtu."

Adyero alishika meza. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kulitaja jina hilo mbele yake bila kuulizwa. Katika muda mfupi huo aliona kila kitu: Opoka amefichwa mahali, Opoka amekonda, Opoka anashika mlango asianguke kwa kicheko.

"Iko hai?" akauliza. "Wewe umeona yeye? Wapi?"

"Sijaona. Nimesikia." Augustin alitabasamu. "Jumamosi, katika televisheni. Ile ya gereza. Alisema watoto wa mama. Alisema ardhi haikimbii. Mimi nilisimama mguu sawa katika nyumba yangu, mbele ya bibi na watoto. Nikasema, basi, alitoroka. Mungu mkubwa. Alitoroka, na sasa anatumia sisi salamu."

Adyero aliutazama ule uso uliojaa shukrani. Angeweza kumwambia ndiyo, yupo ndani, leo hapokei wageni, nipe sukari nimpelekee. Kijana angeondoka na furaha yake, na Opoka angekuwa anaishi katika vichwa viwili badala ya kimoja. Alitamani sana kusema hivyo. Lakini mtu huyu alikuwa amesema "alitoroka", na mtu hasemi hivyo asipojua mwenzake alikuwa ameshikwa wapi.

Adyero alisimama. Alivua kanga ya kiunoni, akaiweka juu ya kiti, akanyoosha mgongo.

"Mguuu — sawa," akasema.

Augustin alipigilia visigino kabla hajawaza. Mikono ilimshuka ubavuni, kidevu kikapanda. Kisha macho yake yakatua kwenye mdomo wa mwanamke aliyekuwa mbele yake, yakabaki hapo. Furaha ilimwondoka usoni kidogo kidogo, mpaka ikaisha.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Mimi ni bibi yake. Wewe sema sasa. Alitoroka wapi?"

Aliketi sakafuni, mgongo kwenye kabati la vikombe, akaeleza akitazama viatu vyake. Alikuwa dereva. Alikuwa ameazimwa kutoka polisi kwenda kuwaendesha wale watu wa miwani. Mchana mmoja hakujua wamembeba nani nyuma, mpaka walipofika msituni, kwenye barabara ya Jinja, wakamteremsha. Opoka alipita karibu na dirisha la dereva, akamtambua.

"Nilitaka kuzima gari. Alisema, usizime. Alisema, acha injini ilie, mtoto wa mama, usisikie." Augustin alijifuta pua kwa kiganja. "Basi mimi nilikanyaga mafuta. Injini ililia. Wao walirudi wawili, yeye hapana. Sikuuliza. Sikusikia kitu, mama. Kwa hiyo Jumamosi mimi nilisema, labda. Labda alikimbia. Kwa sababu sikusikia."

"Wao walirudi namna gani?"

"Walikuwa napangusa mikono," akasema. "Basi alikufa."

Machozi yalimpanda Adyero mpaka kooni, akayazuia hapo. Pale hapakuwa mahali pa kulilia mtu kama Opoka. Mlango wa kantini ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na masikio. Alichukua kanga akajifunga, akafunga mara ya pili kwa nguvu zaidi. Aliuweka mfuko wa sukari kabatini.

"Hii itakuwa ya chai ya matanga," akasema, na alisema kwa sauti yake mwenyewe, nzito lakini ya mwanamke. "Na wewe utanionyesha mahali."

Augustin alitikisa kichwa kukubali.

Ocen alipelekewa habari, akaja. Walikwenda Jumapili mchana kwa pikapu ya kuazima, Adyero na Ocen na Acan wamebanana mbele na dereva, nyuma wametupia kamba na panga ili wakisimamishwa waseme wanatafuta kuni. Ocen alikuwa na kitambaa cheupe cha kutilia udongo. Augustin alikata kona kwenye njia ya magari ya mbao, akaingia mpaka miti ikaziba anga, akasimama.

"Ni hapa," akasema. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani, mguu ukikanyaga mafuta, na injini ikanguruma msitu mzima.

Adyero alimshika bega.

"Zima," akasema.

Augustin alimtazama, kisha akazima. Adyero akafungua mlango, akateremka, akamwita mumewe kwa jina lake, na akaanza kulia.